Gari Lililocheka Ukumbini

Mikono miwili ililishika boksi moja, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la mitumba limefurika hadi barabarani, redio za wauzaji zinashindana kupiga kelele. Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyevaa gauni la njano, nywele kazibana nyuma, kucha kazikata fupi na zimeingia unga mweupe usiotoka kwa sabuni. Mwingine ulikuwa wa mwanamume mrefu, shati la bluu limenyooshwa vizuri, miwani moja machoni na nyingine imening'inia kifuani.

"Samahani dada, hili nimeliona mimi kwanza."

"Kuona si kushika, kaka. Mimi nimeshika."

"Lakini unajua kilichomo?"

"Sijui, na wala sina haja. Mimi nataka boksi. Nina vipande vyangu vya nta kazini, vitaingia humu kama vilivyopimwa. Wewe chukua hivyo vidude vya ndani, tusigombane."

Mwanamume akashika kifua. "Utenganishe boksi na gari lake? Dada, una roho gani wewe?"

Mwanamke akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Angekasirika, kila mtu angeshika njia yake. Lakini alicheka, na yule bwana akafungua kifuniko ili amwonyeshe.

Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu zake, vya kuunganisha kwa gundi hadi litoke gari la urefu wa kiganja. Kiwanda kilichovitengeneza kilifungwa kabla wao wawili hawajazaliwa.

"Tazama boneti. Iko bapa. Toleo la pili waliichonga upya kalibu, lile umbo la chuma linalomiminiwa plastiki, boneti ikapata tundu la hewa, grili, ule wavu wa mbele, ikaongezwa taa mbili. Lakini maboksi ya zamani yalikuwa yamebaki mengi, wakaendelea kuyatumia. Kwa hiyo boksi linaweza kukudanganya. Kalibu haidanganyi. Unasoma kipande, husomi boksi."

"Na hili limesema kweli?"

"Kweli tupu. Toleo la kwanza, kila kitu kimo." Akapekua tena, uso ukamshuka. "Isipokuwa grili. Siku zote grili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba mno, mistari tisa, ikivunjika watu wanatupa. Tangu nianze kukusanya sijawahi kuigusa kwa mkono."

Mwanamke akainama, akalitazama gari pale mbele palipo wazi.

"Kumbe ni kibogoyo!"

"Nani?"

"Gari lako. Halina meno ya mbele. Mimi ni fundi wa meno bandia, kaka, wagonjwa wa hivi nawajua."

Basi wakaondoka pale na namba za simu. Boksi alichukua yeye mwanamume, kwa ahadi ya kumletea mwenzake boksi bora zaidi. Alilileta Jumatatu, lililokuwa la vioo vya miwani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata vioo vya miwani katika duka moja la mjini. Wenzake walimwita Lenzi. Ndani ya boksi aliweka karanga za kukaanga, na fundi wa meno akaona nta zake zinaweza kusubiri.

Miezi ikapita kwa simu.

"Haloo, jino langu la dhahabu."

"Haloo, Lenzi. Kibogoyo ameamkaje?"

"Anakusalimu. Anauliza lini utakuja kumwona."

"Mwambie akipiga mswaki."

Shangazi wa fundi wa meno, aliyemlea na kuishi naye, alikuwa akizisikia simu hizo kutoka jikoni, naye hakuwa mtu wa kumeza neno. "Mwanamume mzima na vigari vya kuchezea! Muulize vizuri mwanangu, atakuoa au atakuunganisha kwa gundi?"

Fundi wa meno alikuwa ameshapenda, na aliyependa hana mshauri. Akaazima kwa Lenzi grili moja ya toleo la pili, akisema anaipenda tu kuitazama. Huko kazini, muda wa chakula, akaichukulia alama kama anavyochukua alama ya ufizi wa mtu. Akaziba matundu ya taa kwa nta, akarudishia mistari hadi ikatimia tisa, akamimina resini, ule uji unaoganda na kuwa meno bandia. Nyuma akaweka hata kile kiduara kidogo kinachoachwa na pini ya kalibu. Mwisho akailoweka kwenye chai ya rangi, ikapata umanjano wa uzee.

Nia yake ilikuwa utani. Aliichanganya kwenye mfuko wa vipande chakavu vya sokoni, akampelekea, akingoja ampigie simu na kumwambia, "Wee, unanichezea!" Wacheke, kisha amwambie ni zawadi.

Simu ikaja kweli. Lakini upande wa pili kulikuwa na mtu anayelia.

"Mpenzi. Mpenzi, nimeipata."

"Umepata nini?"

"Grili. Ilikuwa kwenye ule mfuko wako, imejificha katikati ya takataka. Umeniletea wewe, bila hata kujua! Nimeshampigia mwenyekiti wa chama, nimempigia kila mtu. Baba yangu angekuwa hai ningempigia."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno lilifika kwenye ulimi, likarudi. Nani ana moyo wa kumnyang'anya mtu machozi ya furaha? Akasema, "Hongera, mpenzi," na tangu saa ile aibu ikahamia kwake. Kila alipotaka kusema, Lenzi alikuwa amefurahi zaidi ya jana. Akamwona akilipaka gari rangi ya krimu, akamwona akiibandika ile grili huku kashika pumzi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, naye methali hiyo aliijua vizuri, ila aliendelea kuficha.

Siku ya maonyesho ya chama cha wakusanyaji, alivaa gauni la zambarau lililomshika kiunoni, na hereni alizonunuliwa na Lenzi. Ukumbi ulijaa. Meza ya Lenzi ilikuwa katikati, na watu walipanga foleni kuiona grili ambayo wengi wao waliwahi kuiona kwenye picha tu.

"Leo," akamnong'oneza, "leo nataka nikuambie jambo, kabla hujapanda kuongea."

"Baadaye, kipenzi. Wananiita."

Lenzi akapanda, akashika kipaza sauti. Alieleza matoleo yote mawili, kalibu ilipochongwa, namna ya kutambua kipande halisi na cha kughushi. Alieleza vizuri, hilo tusimnyime. Walimsikiliza kimya, wa mbele akiwa mama mmoja mtu mzima waliyemwita Bibi Boksi, kwa sababu hajawahi kutupa boksi hata moja maishani mwake. Mwaka uliopita Lenzi alikuwa amesimama mbele ya meza ya mama huyo, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba gari lake ni mchanganyiko, milango ya toleo moja, bodi ya jingine. Alisema kweli. Lakini hakukuwa na haja ya sauti ile, na Bibi Boksi alikwenda nyumbani na gari lake kwenye mkoba bila kumuaga mtu.

Ikafika zamu ya tochi. Chama hicho kina tochi ya mwanga wa zambarau wanayomulikia kila gari linaloshindanishwa, maana vipande vya kughushi hung'aa chini ya mwanga huo. Taa za ukumbi zikazimwa. Mwenyekiti akamulika.

Gari lilikuwa giza tupu, kasoro mbele. Pale mbele iling'aa mistari tisa myeupe, kama mtu anayecheka gizani.

Resini ya meno hutengenezwa hivyo makusudi, ili mtu mwenye jino bandia akienda kwenye muziki, chini ya taa za rangi, asionekane ana pengo. Fundi wa meno analijua hilo kama anavyolijua jina lake. Hakulikumbuka hata mara moja.

"Gari linacheka!" mtu akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Taa zikawashwa. Ni Bibi Boksi peke yake ambaye hakucheka.

Lenzi alimtazama mwanamke wa gauni la zambarau, naye akainamisha uso. Hapo Lenzi akajua kila kitu, meno, nta, ile grili iliyoazimwa. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake na watu wanangoja. Mkuki kwa nguruwe. Leo umemfika yeye. Akasema haraka haraka, bila kumtazama mtu:

"Nimetapeliwa, jamani. Kuna tapeli aliniuzia sokoni. Simjui."

Mwanamke akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakukimbia. Alitembea akiwa amenyooka hadi nje, ndipo akakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa.

Jioni hiyo simu yake ililia hadi shangazi akaiweka chini ya mto.

"Kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Mimi ndiye nilimfanya."

"Na mbona unalia kama aliyefanywa?"

"Kwa sababu na yeye alinifanya, shangazi. Kaniita tapeli mbele za watu. Kasema hanijui."

Siku zilizofuata walikuwa watu wawili wenye aibu katika mji mmoja. Fundi wa meno aliona aibu kumpokelea simu mtu aliyemdanganya. Lenzi aliacha kupiga kwa sababu hakujua aanze na lipi. Kule dukani alikata vioo vya wateja huku macho yakikwepa kila kilichong'aa. Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu, lililomuuma kuliko kile kicheko. Siku ile alipoikuta grili kwenye ule mfuko aliigeuza chini ya lenzi yake, akapaona pale kipande kinapokatwa kwenye fremu. Palikuwa safi mno. Kipande cha kiwanda kile hakikuwahi kukosa kovu pale. Aliona, akaigeuza upesi, asiitazame tena.

Siku ya mkutano wa chama uliofuata, fundi wa meno alikuwa kazini, anasugua taya la plasta. Simu ikalia. Jina la Lenzi. Sijui ni nini kilichomfanya apokee. Pengine ni kuchoka.

"Haloo?"

Alisikia viti vikivutwa, watu wakikohoa, kisha sauti aliyoizoea, inatoka mbali kidogo.

"Niliwaambia nilitapeliwa. Ule ulikuwa uongo. Hakuna tapeli. Grili ile ilitengenezwa na mwanamke ninayempenda, kwa mikono yake, akaniletea. Mlimwona, alivaa gauni la zambarau. Nilimjua na nikasema simjui, kwa sababu mlikuwa mnanicheka."

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Na kuna jingine. Mimi niliona. Pale kwenye mkato niliona si ya kiwandani. Lakini nilikuwa naitaka mno, nikajifanya sikuona, kisha nikaja kuwafundisha nyinyi kutazama. Na Bibi, samahani kwa mwaka jana. Ningeweza kukuambia pembeni."

Kukasikika mtu anapenga kamasi. Kisha sauti ikasogea, ikawa karibu kabisa na sikio.

"Umesikia?"

"Nimesikia." Alikuwa ameshika taya la plasta kifuani kama mtoto. "Niweke kwenye hicho kipaza sauti."

"Si lazima, mpenzi."

"Niweke, nimesema."

Akasikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka kwenye kuta za ukumbi. "Hamjambo. Ni mimi niliyeitengeneza. Ilikuwa mzaha, ila alipofurahi nikashindwa kumwambia. Nilikuwa na nafasi nyingi, sikuitumia hata moja. Aibu si yake peke yake. Basi, ni hayo."

Halafu ikaja sauti ya mama mtu mzima:

"Binti, usikate simu. Mimi nina gari limevunjika bampa la nyuma. Meno ya chini unatengeneza pia?"

Safari hii ukumbi ulicheka, na yeye akacheka pamoja nao huku machozi yanaingia mdomoni.

Kesho yake mchana Lenzi alisimama kwenye mlango wa chumba cha kazi cha fundi wa meno, Kibogoyo mkononi, grili yake mahali pake. Hakuingia.

"Bibi Boksi alinipa grili halisi," akasema. "Anazo mbili, yule mama! Miaka yote hii. Hakuniambia kwa sababu ya mdomo wangu."

"Mbona hujaiweka?"

"Nimemrudishia. Huyu ameshazoea meno yake."

"Ingia basi."

"Aibu imenishika hapa mlangoni."

"Na mimi unadhani kwa nini sijainuka kwenye kiti?"

Wakatazamana. Kwenye rafu, vinywa vya plasta vilikuwa vimepangwa wazi, kana kwamba navyo vinasubiri.

"Shangazi yako Jumapili yupo nyumbani?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Nataka nije na mjomba wangu. Lakini kwanza nitamweleza shangazi mimi mwenyewe, asije akasikia mitaani."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nilikuita tapeli mbele za watu, na nataka nikuite mke wangu mbele ya hao hao."

Fundi wa meno aliangalia kucha zake zenye unga mweupe. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa, ila mdomo ulikuwa umeshaanza utani wake.

"Atakuuliza kama utanioa au utaniunganisha kwa gundi."

"Nitamwambia gundi haishiki panapong'aa," akasema Lenzi. "Lazima kwanza pakwaruzwe kidogo."

Akavuka kizingiti, akaliweka gari mezani kati ya meno ya watu, akamshika mkono.