Sabufa Nje ya Kabati

"Akija kesho itakuwa imesharudi mahali pake. Hatajua kitu."

Ilikuwa sauti ya mchumba wangu, mwalimu wa chekechea, ikitoka sebuleni kwake Jumamosi saa tisa alasiri. Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume, vimepangwa vizuri kama vya mwenye nyumba. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa.

Mimi ni seremala, na ulimi wangu ni mkali kuliko patasi. Umeshanikosanisha na watu wengi. Nikasimama pale, nikaomba kimoyomoyo: Mungu wangu, nishikie huu ulimi. Kisha nikabisha hodi.

Alipofungua na kuniona, akashusha macho.

"Karibu. Leo hukupiga simu."

"Ningepiga, ningevikuta hivi viatu?"

Akanipisha, nikapita.

Fundi redio wa mtaa wa pili, mzee wa makamo, alikuwa amepiga magoti akiunga waya. Karibu na dirisha, sakafuni, ilikaa sabufa. Na lile kabati nililomtengenezea kama zawadi ya uchumba lilikuwa na uwazi chini, kama fizi iliyong'olewa jino.

Kabati lile lilinichukua miezi miwili. Halina msumari hata mmoja, mbao zimeumana zenyewe. Juu niliweka mashine ya kupigia santuri alizorithi kwa baba yake, katikati amplifaya, chini sabufa. Kila Jumapili nilileta mteja aone na asikie. Hata shangazi yangu nilimleta. Mchumba wangu akawa anasifu mbele yao wote.

Fundi alinitazama usoni, akaona bora ajieleze haraka. Alisema sabufa ikipiga mdundo, kabati lote linatetemeka. Mtetemo unapanda hadi kwenye sindano ya santuri, sindano inaurudisha kwenye sabufa, na ngurumo inazidi. Mwalimu amekuwa akiitoa mwenyewe kila Jumatatu na kuirudisha kabla sijafika, na mbele ya wageni anapunguza sauti ili ngurumo isisikike. Wiki hii mgongo ulimkataa, ndipo akamwita aitoe leo na kuirudisha kesho asubuhi.

"Ungekuwa seremala mbovu, ingekuwa nafuu," akaniambia. "Umeliunga likawa mwili mmoja. Ukigusa mguu, kichwa kinajua."

Akavaa viatu vyake, akaaga. Mtu mwenye akili.

"Tangu lini?" nikamuuliza mchumba wangu.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mbele ya shangazi ukasema sauti ni tamu."

"Ulikuwa unanitazama kama mtoto aliyeleta mchoro. Watoto wangu nawapa nyota hata ng'ombe akiwa na miguu sita."

Kicheko kilinifika kooni, nikakimeza.

"Mimi si mtoto wa darasa lako. Leo umenificha sabufa. Tukishaoana utanificha nini?"

Akaketi. Alipojibu, hakupandisha sauti.

"Mara ya kwanza nilikuambia meza uliyomtengenezea mama yangu inayumba. Hukusema na mimi siku nne. Nikajifunza kunyamaza."

Nilikuja na mashtaka, nikakuta kesi ni yangu.

Nikamwomba aweke santuri. Sabufa ikiwa pale dirishani, muziki ulitoka safi, kila uzi wa gitaa peke yake. Kisha nikaibeba mwenyewe kuirudisha kabatini. Ilikuwa nzito, na njiani niliufikiria mgongo wake. Tukapiga santuri ileile bila kupunguza sauti. Ngurumo ikaanza chini, ikapanda, ikafunika gitaa, mwishowe sindano ikaruka. Nilizima mwenyewe, nikaitoa tena.

"Nilikosea," nikasema.

"Kabati ni zuri. Sabufa ndiyo haikai humo."

"Nisamehe kwa zile siku nne. Nikikosea niambie usoni. Nikinuna, niache ninune, lakini wewe sema."

"Siku nne tena?"

"Saa moja."

"Tutaona," akasema. Hakutabasamu.

Niliondoka bila kuthubutu kuuliza habari ya harusi. Jioni, baada ya kusali, nikamtumia ujumbe: *Kuna kingine ulichonificha?*

Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa refu. *Droo ya chini haifunguki siku za mvua. Suti ya harusi uliyochagua inakufanya uonekane mlinzi wa benki. Na dua yako ya chakula ni ndefu mpaka chakula kinapoa.*

Nikaweka simu kifudifudi mezani, nikanuna. Droo niliikubali. Suti iliniuma. Dua ilinichoma kabisa. Zilipita dakika kama ishirini, nikaichukua simu.

*Kesho nakuja na randa. Suti tukachague wote. Ila dua siwezi kuifupisha.*

Safari hii hakuchelewa.

*Usiifupishe. Nikishakuwa mkeo, tutaomba kwanza, ndipo nipakue.*