Kinu Hakitwangwi Kitupu

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipotoka dukani Tandika na blenda yangu mpya kwenye boksi. Mwanangu Abrar alikuwa amefikia umri wa kuonja uji, nami nilishachoka na kinu cha mama mkwe. Kutwanga mpaka mabega yaume, kisa eti uji wa kinu una ladha yake!

Bi Hamdiya, mama mkwe wangu, hakunigombeza. Alisema kinu na blenda ni ndugu, na sharti lao ni moja: magharibi haviendeshwi vitupu. Ukifanya hivyo umemwita mgeni na chakula hujaandaa, atajitafutia mwenyewe. Nikamtania kwamba ya kale dhahabu, lakini dhahabu haisagi ulezi.

Adhana ikaanza. Mimi nilitaka tu kujua kama mashine ni nzima. Nikachomeka, nikabonyeza.

Vuuuu...

Nikazima. Kimya.

Kisha, uani...

Du. Du. Du.

Nikachungulia dirishani. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani, haujaguswa. Sauti ilitoka kinuni. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikanijia.

Bi Hamdiya alitoka mbio na konzi ya mchele, akaumimina kinuni. Sauti ikakatika. Akanigeukia, akanong'ona.

"Najat... na hicho chako umekipa nini?"

Sikuwa nimekipa kitu.

Nikarudi kwenye blenda. Ndani ya jagi lililokuwa kavu mlikuwa na maziwa. Ya uvuguvugu.

Chumbani Abrar akaanza kulia. Nikampa titi. Akavuta, akaachia, akanitazama. Nikajikamua kwa mkono. La kwanza, la pili... hata tone.

Nililia kumshinda mtoto.

Nesi wa kliniki alisema mshtuko hukausha maziwa. Nikamkubalia, maana habari ya jagi ningeanzia wapi? Wiki zimepita na maziwa hayajarudi. Abrar anakubali uji wa ulezi wa kinuni tu, mwingine wowote anatema. Ninautwanga mwenyewe, na mabega sasa siyalalamikii.

Siku hizi, kabla ya adhana, Bi Hamdiya huweka konzi ya mchele kinuni. Mimi huweka konzi yangu kwenye blenda. Waya wake nilishaukata, na kila jioni naifungia ndani ya boksi lake.

Asubuhi, mchele wa kinuni tunaukuta vilevile.

Wa kwenye blenda tunaukuta unga.