Kope Zangu Zilivyoniponza Jicho

Nilisukuma mlango wa chumba changu saa saba mchana, nikamkuta mdogo wangu wa tumbo moja amekaa kitandani kwangu.

Mkono mmoja kashika kichupa changu cha dawa ya macho. Mkono wa pili, bomba la sindano lililojaa maji.

Kidomo cha kichupa amekibana kwa meno.

Tukatazamana...

"Dada," akasema, kidomo bado kiko mdomoni, "mbona umewahi kurudi?"

Ngojeni kwanza. Kabla hamjamshukia kwenye maoni, niachieni mimi nafasi ya mbele. Kuna mtu mwingine anastahili kutukanwa, na mnamsoma hapa.

Mimi ni msusi. Miezi minane kabla ya siku hiyo daktari wa macho aliniambia nina glakoma, ile wengine wanaiita presha ya macho. Haikuwa inaniuma, haikuwa inaniwasha. Ilikuwa inakula mshipa wa jicho kimyakimya, kama mchwa kwenye mlango uliopakwa rangi.

Akaniandikia dawa. Tone moja kila jicho, kila jioni.

"Mpaka lini, daktari?"

"Siku zote, dada. Ulichopoteza hakirudi. Tunalinda ulichobakiza."

Nilitoka pale na wazo moja tu kichwani. Msusi anayepofuka, nani atampa kichwa chake?

Nikafunga mdomo. Nyumbani, kazini, kote.

Sasa ile dawa ina kituko chake. Daktari alinionya kwamba inaweza kurefusha kope. Aisee, zangu zilirefuka mpaka nikipepesa macho najipigia upepo mwenyewe.

Saluni nzima ikawaka.

"Shosti, umebandika wapi hizo?"

"Nani kabandika? Haya ni mafuta yangu ya siri. Tone moja jioni, unalala, unaamka malkia."

"Tugawie basi."

"Nikugawie halafu mume wangu akutazame wewe?"

Wakacheka. Wakanipachika jina, Mama Kope. Na mimi nikalivaa kama taji.

Mdogo wangu alikuwa pale pale, ananishikia rasta. Nilikuwa naishi naye, na harusi yake ilikuwa imekaribia, kwa hiyo mimi namwita Bi Harusi. Alicheka na wenzake. Ila macho yake hayakutoka kwenye kope zangu.

Basi wiki moja mteja mmoja akajitazama kwenye kioo, akashika upande wa kushoto wa kichwa.

"Mama Kope, hapa umeniachia shamba nilime?"

Fungu zima la nywele halijasukwa.

"Hiyo ni akiba yako," nikamtania.

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, ila lile fungu sikuwa nimeliona kabisa. Kesho yake nikaligonga draya kwa bega la kushoto, draya ambalo limesimama palepale miaka minne.

Nikaenda kliniki asubuhi. Daktari akanipima, akapima tena.

"Dawa unaweka?"

"Kila jioni."

"Dada, mimi si mume wako. Niambie ukweli."

"Naweka, daktari. Sijaruka hata siku moja."

"Mara ya mwisho presha ya jicho la kushoto ilisoma kumi na sita. Leo thelathini na moja. Kichupa kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Kalete. Sasa hivi."

Ndivyo nilivyofika chumbani saa saba mchana.

"Unafanya nini na hicho?" nikamuuliza.

"Nachukua kidogo tu, dada. Napaka kwa brashi. Halafu naongezea maji usijue."

"Maji?"

"Nimeyachemsha."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu..."

Miezi miwili, jamani. Kila jioni nainamisha kichwa nyuma kwa heshima zote, najitilia maji.

Mkono wangu ulikuwa umeshapanda kumzaba kofi.

"Unajua hiyo ni dawa ya nini?"

"Ya kope. Si ulisema mwenyewe, dada? Mbele ya watu wote?"

Mkono ukashuka.

"Bila hiyo napofuka," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka hilo.

Bomba likamponyoka. Maji yakatambaa kwenye shuka. Alilia bila sauti, akirudia swali moja.

"Mbona hukuniambia?"

Tulirudi kliniki wote wawili. Nilipimwa kwa vile vitaa vidogo, unaviona unabonyeza. Upande wa kushoto nilikaa tu, nangoja. Daktari akasema vimewaka vingi bila mimi kuviona. Ukingo ule wa kuona umekwenda, haurudi.

Akanipa kichupa kipya, akataka nitie mbele yake. Kumbe hata kutia nilikuwa nabahatisha.

"Nawa mikono. Vuta ngozi ya chini ya jicho. Tone moja. Kidomo kisiguse jicho wala kidole. Fumba, bonyeza kona ya jicho karibu na pua, dakika mbili. Andika tarehe uliyokifungua. Na maji, hata yakichemshwa na malaika, hayaingii humu."

Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Na wewe kaa hapa."

"Mimi? Mimi naona vizuri."

"Dada yako naye alikuwa anaona vizuri. Huu ugonjwa hupenda kutembea ndani ya familia."

Akakaa. Daktari akamwangalia jicho la kulia, la kushoto, akarudi la kulia. Alichukua muda mrefu mno...

Alikuwa nayo. Macho yote mawili. Mshipa umeanza kuliwa.

Nikapiga hesabu pale kwenye benchi. Ningesema siku ile ya kwanza, mdogo wangu angepimwa miezi minane iliyopita. Yeye aliniibia matone. Mimi nilimwibia miezi minane. Haya, nitukaneni sasa.

Saluni nimewaambia ukweli. Mteja mmoja alihamia kwa msusi mwingine. Mwingine aliacha kutafuna ubani, akasema mama yake alipofuka hivyohivyo, na kesho yake alikwenda kupimwa.

Dawa ya macho ni ya aliyeandikiwa, peke yake. Na ukiwa na glakoma, usiwafiche wa damu yako. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza jicho, ukimya ukamalizia.

Kwa muda kabatini kulikuwa na vichupa viwili, kila kimoja na jina lake na tarehe yake. Bi Harusi aliolewa, akahamia mtaa wa pili na chake. Siku hizi kila saa mbili kasoro robo jioni simu yangu inaita.

"Dada, umetia?"

"Nimetia. Wewe?"

"Nimefumba. Nihesabie dakika."

Namhesabia.