Sweta la Brenda

Haya yalimpata Sinyati, mchapaji wa steshenari moja pale mjini, mtaa wa Levolosi, mwanamke asiyetishwa na mbwa wala mchungaji. Jumapili moja baada ya ibada alipanda mlimani kwa rafiki yake Tabea, aliyekuwa amemzika bintiye Brenda mwezi uliopita, nyuma ya nyumba, migombani. Kompyuta ya marehemu ilikuwa mezani. Ukiiwasha, kioo kizima kinajaa ua ambalo hata haliwezi kuota Meru.

"Niondolee hilo ua, mwenzangu. Niwekee mwanangu, ile picha ya Krismasi. Niwe nikiwasha namwona."

"Utaiwasha wewe, Mama Brenda? Redio tu inakushinda!"

Tabea alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Sweta lake nilimalizia usiku wa msiba. Uzi wa bluu uliniishia, mkono wa kushoto nikafuma kwa mwekundu. Nikamzika nalo. Kule chini kuna baridi, Sinyati."

Sinyati aliipata picha: Brenda katikati ya shamba la kahawa, blauzi nyeupe, mikono wazi. Akabonyeza. Papo hapo umeme ukakatika. Ukungu ulishafunga madirisha, chumba kikawa giza, na nje majani ya migomba yakawa yanasuguana kama mtu anayepita taratibu. Kompyuta ilikuwa na chaji. Picha ikajaa kioo.

Tabea alikipapasa kwa kiganja.

"Limemtosha," akasema.

Brenda alikuwa katikati ya kahawa ileile, ndani ya sweta la bluu. Mkono wa kushoto ulikuwa mwekundu, na una udongo mbichi hadi kwenye kiwiko.