Wimbo wa Kuwapokea Wageni wa Gesi

"Niimbie wimbo wa zamani, Saquina," Jerónimo aliomba. "Wa kwenu Palma, ambao mjini Pemba hawaujui."

Saquina aliendelea kujipaka msiro, ule urembo mweupe, usoni. Asubuhi ile Awa, mwenzake wa ngoma ya tufo, alikuwa amemnong'oneza kwamba Jerónimo amempelekea posa Celeste, binti wa administrador, mkuu wa wilaya. Jerónimo huyuhuyu aliyemchumbia yeye Saquina, akala pilau ya baba yake.

Akamsogezea mkeka, akamsikiliza.

Jerónimo alikuwa mwalimu wa muziki, mgeni kutoka Mueda, na wilaya ilimtaka atunge wimbo wa kuwapokea wageni wa kampuni ya gesi. Akaeleza tena kwamba wimbo wa taifa wa Wareno ulitungwa na mtu wa opera, Waingereza walipowakatalia kutawala huku kwetu kutoka bahari moja hadi nyingine.

"Wametugombania sisi, kisha wakaimba wao."

"Hasira, bibie. Hasira ndiyo iliyoupa nguvu."

"Basi nitakupa wenye hasira."

Akamwimbia kwa mdomo uliofumbwa, bila maneno. Jerónimo akarekodi kwenye simu, akaondoka akipiga mluzi. Kesho yake ukaja ujumbe:

"Wameupenda, mpenzi. Watataja jina langu tu, mambo ya serikali hayo. Wewe na wenzako mtaitikia."

Akajibu: "Tutaitikia."

Siku ya wageni, kwaya kutoka Pemba ilipouanza, watu uwanjani waligeukiana. Kisha kicheko kikaanzia kwa wauza samaki, kikasambaa. Wenyeji waliujua: wanawake huuimba mlangoni kwa mwanamume aliyemtelekeza mchumba akaposa kwingine. Saquina akainuka na kikundi chake, wakaitikia kwa maneno yenyewe:

"Umekula kwetu, umeshiba kwetu,
mkono hujanawa, wabisha kwa jirani."

Celeste, aliyekulia mbali, Beira, akamsogelea.

"Dada, wanacheka nini?"

"Wimbo huu huimbiwa mwanamume mwenye wachumba wawili. Leo kauleta mwenyewe."

"Wa kwanza ni nani?"

"Mimi."

Celeste alimtazama Jerónimo. Jasho lilimtiririka, lakini mikono bado iliongoza kwaya, maana wageni walikuwa wanapiga makofi. Celeste akaivua pete ya uchumba polepole, akaiweka mezani mbele ya baba yake.

Mkalimani akasimama: wageni wameufurahia, wanaomba urudiwe.

Saquina akaikaza kanga kiunoni.

"Maestro," akamwambia Jerónimo kwa upole, "tuanzie wapi?"