Barua Niliyoichapa Bila Kuisikiliza

Jumatatu ile ilianza kawaida kabisa. Kiwanda cha sukari cha hapa Ba, mji wetu mdogo wa kisiwani, kilikuwa kimelala, maana si msimu wa miwa, na mvua ya Februari ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Unaisi alikuja na muhogo wa kuchemsha na samaki wa kopo, mimi nikachemsha chai, tukala mezani kabla daktari hajafika.

Tulikuwa wachapaji wawili kwenye kliniki ya Daktari Govindan, meza zinatazamana. Mzee akimaliza kumwona mgonjwa, anayasema yote kwenye kinasa sauti. Sisi tunavaa hedifoni, tunakanyaga pedeli kuisogeza sauti, tunachapa. Unaisi ni binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu Kelera, ndugu ya baba. Kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani wako mpaka kaburini. Mimi nilikuwa namwita mla kaa, yeye ananiita mshamba wa mlimani, na hatukuwahi kuitana jina jema hata mbele ya mchungaji.

Mwaka huo mimi ndiye niliyeleta programu ya vifupisho. Unaandika herufi tatu, unagusa kitufe kirefu cha nafasi, na aya nzima inamwagika kwenye skrini. Unaisi hakuitaka. Alisema vidole vyangu vimezoea kuchimba magimbi ndiyo maana vinatafuta njia ya mkato. Nikamwacha na ushamba wake. Nilitoka barua kumi kwa siku nikafika ishirini na tano, daktari akanisifia mbele ya wagonjwa, na kichwa kikanivimba.

Kwa hiyo najua ninachosema ninapomshauri anayeanza. Usianze na vifupisho mia, utavisahau. Anza na kumi. Chukua maneno unayoyarudia kila siku. Tanguliza nukta mkato mbele ya herufi zako ili kifupisho kisije kikajifungua chenyewe katikati ya neno jingine. Halafu soma kilichotoka. Hilo la mwisho hakuna aliyeniambia.

Kifupisho nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha barua za matiti. Herufi zake mmk. Nikizigonga inatoka: Matiti yote mawili yamepimwa na ni laini. Hakuna uvimbe. Hakuna dalili ya kutia wasiwasi. Ataangaliwa tena mwakani. Wanawake tisa kati ya kumi walikuwa hivyo hivyo. Nikamzoea mzee. Akianza tu kusema "matiti yote mawili", mimi nishagonga herufi zangu, nishakanyaga pedeli kuipeleka sauti mbele hadi kwenye sahihi.

Jumatatu hiyo, Unaisi akanisogezea rekodi moja ya sauti kwenye orodha yangu. Kliniki ilikataza binti kuchapa barua ya mama yake. Hakuna aliyefikiria kumkataza mpwa.

"Nichapie hii ya mama," akasema. "Ukikosea jina lake nakukata vidole, mshamba wewe."

Jina sikulikosea. Nilichapa Kelera Nabou, umri miaka hamsini na nane, kijiji, namba ya kadi, vyote sawasawa. Kisha mzee akasema "matiti yote mawili", nikagonga mmk, nikakanyaga pedeli. Barua ilitoka, daktari akaitia sahihi pamoja na nyingine kumi na tisa bila kusoma, ikaenda hospitali kubwa. Huko barua inayosema hakuna uvimbe inawekwa kwenye faili, na haitwi mtu.

Daktari alikuwa amemwambia shangazi kwamba hospitali watampigia simu. Shangazi akakaa kuisubiri hiyo simu. Hakuuliza. Mwanawe anafanya kazi kwa daktari, mpwa wake anafanya kazi kwa daktari, angeuliza aonekane hana adabu? Unaisi naye aliposikia mama anasubiri, akadhani foleni ya hospitali ni ndefu, kama ilivyo kwa watu wote.

Mwezi wa sita nilikwenda kijijini kwao. Nilimkuta shangazi ameketi mkekani karibu na mlango, amevaa gauni lake la kanisani, siku ya Alhamisi. Alisema anavaa mapema kila siku ili wakipiga simu asimcheleweshe mtu. Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Tori mwanangu, wewe uko karibu na makaratasi. Naitwa lini?"

Nikamwambia foleni ni ndefu, avumilie. Sikwenda kuangalia. Nilikunywa chai yake, nikala keki yake ya nazi, nikarudi mjini.

Oktoba alianza kukohoa na kuumwa mgongo. Walipompeleka hospitali, tayari ugonjwa ulikuwa umetapakaa mwilini. Jioni hiyo hiyo nilivaa hedifoni nikaitafuta ile sauti ya Februari, maana kliniki inatunza mwaka mzima. Nikamsikia mzee: "Matiti yote mawili ni laini, isipokuwa upande wa kushoto, juu kidogo, kuna uvimbe mgumu ukubwa wa punje ya mbaazi. Naomba aitwe haraka." Nikaisikiliza mara nne. Kisha nikaifuta.

Ndiyo, niliifuta. Nawaambia ninyi ambao hamnijui, kwa sababu aliyepaswa kuambiwa nilimficha.

Shangazi alifariki Desemba. Unaisi alipata nakala ya barua hospitalini, akaona inasema hakuna uvimbe, na akaamini kilichokuwa rahisi kuamini: mzee Govindan hajui kupima. Akamwendea chumbani kwake. Akamwambia maneno mabaya kwa sauti ya chini, mlango wazi. Mzee hakujitetea, sahihi ilikuwa yake. Tangu siku hiyo akawa hali chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, macho makavu, nachapa. Nilijua nikisema nampoteza Unaisi, na sikuwa na mtu mwingine wa kunitukana kwa upendo duniani.

Ilianza wiki moja baada ya maziko, saa nne asubuhi, jua kali, foleni ya wagonjwa nje. Nilikuwa na barua ya mama mmoja. Nikagonga mmk, nikagusa kitufe. Kwenye skrini ikatoka: Tori mwanangu, nimeshavaa.

Nikamtazama Unaisi, alikuwa ameinamia kazi yake. Nikafungua orodha ya vifupisho. Mmk ilikuwa na maneno yake yale yale ya siku zote, hakuna kilichoguswa. Nikafuta, nikagonga tena. Hakuna uvimbe. Nikajiambia ni uchovu.

Kesho yake, saa nne ile ile: Nimeshavaa, mwanangu. Naitwa lini?

Hilo swali aliniuliza tukiwa wawili tu. Hata Unaisi hakulijua.

Nikakifuta kifupisho. Nikaiondoa programu nzima kwenye kompyuta, nikaizima, nikaiwasha. Nikaamua kuchapa kwa mkono, neno kwa neno, kama Unaisi. Niliandika "Hakuna". Niliandika "uvimbe". Nikainua macho. Skrini ilikuwa imeandika: Upande wa kushoto, juu kidogo.

Nikafuta. Nikaandika tena, polepole, nikitazama kila kitufe. Upande wa kushoto, juu kidogo. Vidole vilikuwa vyangu. Maneno hayakuwa yangu.

Siku ya tatu umeme ukakatika mji mzima. Feni ikasimama. Unaisi alikuwa ametoka kununua roti, chapati zetu za mchana. Nilikuwa nimesimama dirishani, nimeipa kompyuta mgongo. Nikasikia kibodi. Tak, tak, tak. Kisha kile kitufe kirefu. Kimya. Tak, tak, tak. Kitufe kirefu. Haraka haikuwepo. Yeyote aliyekuwa anagonga alikuwa na subira nyingi.

Sikugeuka. Nilinusa mafuta ya nazi aliyokuwa anajipaka shangazi, yale aliyokuwa akiyatia maua mwenyewe. Nikasikia kiti changu kikilia, kama mtu mzito anapoinuka. Nikahesabu hadi mia. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Nikaweka kiganja kwenye kiti. Kilikuwa na joto.

Umeme uliporudi, Unaisi alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yangu na roti mkononi. Kompyuta ikawaka yenyewe. Maneno yalikuwepo tayari, katikati ya skrini.

Usimwachie mzee mzigo wako. Mwambie mwenzio.

"Torika," Unaisi akanong'ona. "Nani anakuandikia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina langu. Nilitaka kudanganya, Mungu anajua. Ulimi ulikataa. Nikamwambia yote: herufi tatu, pedeli, swali la Alhamisi, sauti niliyoifuta. Nilisema huku natazama sakafu.

"Alivaa kila siku," Unaisi akasema taratibu. "Kila siku nilimwona amevaa. Nikawa namcheka."

Akaweka roti yangu mezani kwangu, akaifunika na karatasi yake. Kisha akaingia kwa daktari, akapiga magoti mbele yake akamwomba radhi. Mzee alilia. Nilimsikia kupitia ukutani. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo, kwa kalamu.

Siku ya mia ya msiba nilikwenda kijijini, nikakaa jikoni na wanawake, nikamenya magimbi. Mabinamu wote walikuwa wanataniana, wanarushiana maganda, kama inavyotakiwa siku ya kuvua huzuni. Nilingoja aje anitukane. Aniite mshamba, muuaji, chochote, mradi kitoke kwake. Unaisi akaja na kikombe cha chai, akanipa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Karibu chai, Bibi Torika," akasema, kwa heshima kamili, kama anavyomwambia mgeni wa kutoka mbali.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye mashina ya migomba nikalia mpaka nikatapika. Ni mwaka wa nne sasa. Bado ananiheshimu.

Na kuna hili, ambalo sijamwambia hata yeye.

Wiki tatu baada ya siku ile ya mia, mwanamke aitwaye Sereima alikuja kwangu na kikapu cha kaa hai. Simfahamu. Alisema amekuja kunishukuru. Mwaka uliopita Daktari Govindan alimwona na uvimbe mdogo, akaambiwa ataitwa, hakuitwa. Nikajua mara moja kwamba hata barua yake niliigongea mmk bila kusikiliza. Kumbe miezi miwili iliyopita hospitali wakampigia simu, yeye na wanawake wengine wawili wa kliniki ile, kwamba barua zao zimefika. Wakapasuliwa mapema, daktari wa huko akawaambia wamewahi. Aliuliza nani mchapaji, akaonyeshwa herufi za jina langu mwishoni mwa barua.

Alikuwa na nakala, akanikunjulia. Kila kitu kilikuwemo: upande, ukubwa, naomba aitwe haraka. Tarehe yake ilikuwa ya baada ya mimi kuondoka. Kliniki nilipouliza, waliniambia kompyuta yangu haijawashwa tangu nilipoacha, wameifunika kwa kitambaa.

Nilimwambia Sereima kwamba si mimi. Akacheka, akadhani najishusha. Alikuwa na furaha, hakuacha kuzungumza. Akanieleza kwamba siku aliyokwenda hospitali alichelewa basi, akakuta foleni imejaa na nafasi za siku hiyo zimekwisha. Akataka kurudi nyumbani. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa benchini, mbele kabisa, amevaa gauni la kanisani, ananukia mafuta mazuri, akainuka akampa namba yake.

"Nikamwambia, mama, utachelewa," Sereima akasema. "Akanijibu, nenda wewe, mwanangu. Mimi nimeshazoea kusubiri."