Ufunguo wa Wanaonuniana

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Sindano alikuwa anakimbia juu ya paa la soko la nguo, mabati yakipiga kelele chini ya miguu yake.

Hatua kumi mbele yake alikimbia mwanamume mwenye mkoba mweusi.

Paa likaisha. Mwanamume akaruka. Sindano naye akaruka, kwa sababu wanawake wa kazi yake hawaulizi chini kuna nini. Chini kulikuwa na marobota ya vitambaa. Alimdaka ukosi hapohapo, akamkunja mkono mgongoni, akaufungua mkoba kwa meno.

Glock 19, moja.

Samsung yenye kioo kilichopasuka, moja.

Samsung ile ilikuwa na kifuko cha kitambaa cha buluu, kitambaa cha sare za shule, kimeshonwa kwa mkono. Sindano alikijua kifuko kile. Alikuwepo kilipokuwa kinashonwa.

Mwanamume hakuhitaji kubanwa sana. Alisema yeye ametumwa tu. Mhandisi anautaka ufunguo wa tatu ufike kiwanda cha zamani cha viatu kabla ya saa sita. Usipofika, mweka hazina hatarudi nyumbani.

Kifungo cha tatu cha blauzi ya Sindano kilitetemeka. Ndani yake kulikuwa na redio.

"Sindano," ilisema sauti ya Mkuu wake wa ujasusi sikioni mwake.

"Nipo."

"Umepata nini?"

"Simu ya dada yangu."

"Pole," Mkuu alisema.

Kwa miaka kumi na mmoja Mkuu hakuwahi kumpa mtu pole. Hapo ndipo Sindano alipoogopa.

Basi ngoja nikueleze, maana jambo lenyewe limekaa upogo tangu mwanzo.

Dada yake Sindano alikuwa mweka hazina wa chama cha mafundi cherehani, wanawake mia tatu na kumi na wawili. Zamani waliweka akiba yao kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila kufuli na mwenye ufunguo wake. Benki waliijaribu. Benki ikataka hati ya nyumba, na fundi cherehani wa kupanga chumba hati ya nyumba aitoe wapi? Ndipo akaja Mhandisi, mgeni mpole mwenye shati jeupe, akawafundisha sarafu ya mtandaoni. Nisiwe mnafiki, mwanzoni iliwafaa. Wateja wa ng'ambo walilipia sare asubuhi, na kabla chai haijapoa hela imeshaingia, hakuna wakala wa kumega njiani. Mjukuu wa dada alifanyiwa upasuaji wa jicho kwa hela iliyofika hivyohivyo.

Mhandisi akawaambia watafunga kama walivyozoea, kwa funguo tatu, na bila zote tatu hakuna senti inayotoka. Kila ufunguo ukawa kidude cha chuma kinachotosha kiganjani. Kimoja alibaki nacho yeye. Cha pili kilikuwa kwa mwenyekiti, na wiki iliyopita Mhandisi alikichukua, akimlaghai mama wa watu kwamba anakwenda kukifanyia matengenezo. Kila kidude kilikuja na karatasi ya maneno ya kukifufulia kikiharibika. Karatasi ya kidude cha tatu akina mama waliichoma siku ileile, wakiamini siri ikiwa majivu haiibiki.

Kikabaki hicho cha tatu. Akishakipata, akiba yote ya mafundi ingemlipa muuza silaha, na lori lenye bunduki mia nne lingeshusha mzigo wake kwa watu waliokodiwa kuichoma nchi kabla ya uchaguzi.

Sindano na dada yake walibishana juu ya sarafu hiyo kila Jumapili. Sindano alisema hela isiyo na ofisi haina mahali pa kwenda kuilalamikia. Dada alimjibu kwamba yeye ana mshahara na kadi ya benki, atajuaje. Walibishana mpaka wali ukapoa, na hawakuwahi kununiana hata siku moja.

Sindano alimkabidhi yule mwanamume kwa walinzi wa soko, akaingia kwenye Hilux, akakanyaga mafuta.

Mhandisi alikuwa amekosea jambo moja. Alidhani mweka hazina ndiye mwenye kidude. Mweka hazina alikuwa na namba yake ya siri kichwani, basi. Kidude chenyewe kilikuwa kwa mtu mwingine, na Sindano alijua cha kuuliza, kwa sababu marehemu mama yao alikuwa kwenye chama hichohicho, na kanuni ya sanduku haikubadilika: ufunguo wa mweka hazina hutunzwa na mtu waliyenuniana naye. Wasiosemezana hawawezi kula njama. Wakipatana, ufunguo unahama.

Karakana ilikuwa ukumbi mrefu wenye Singer sitini zinazonguruma kwa pamoja. Sindano alisimama mlangoni.

"Dada yangu hasemezani na nani siku hizi?"

Singer sitini zikanyamaza. Macho yote yalikwenda pembeni, kwenye meza ya kupigia pasi.

Pale alisimama mwanamke mnene mwenye pasi ya mkaa mkononi. Walimwita Mama Pasi. Umeme ulipokuwepo na ulipokatika, yeye alitumia mkaa, na pasi ile hakumwazima mtu. Aliingiza mkono kifuani, akatoa kidude.

"Kabla hujauliza," alisema, "mimi sikufurahi alipochukuliwa."

Kifungo cha tatu kikatetemeka.

"Unacho?" Mkuu aliuliza.

"Ninacho."

"Kiharibu."

"Mkuu."

"Kisipokuwepo, hela haitoki. Hela isipotoka, lori halishushi. Bunduki mia nne, Sindano. Kiharibu sasa hivi."

"Na mweka hazina?"

"Kiharibu," Mkuu alirudia.

Sindano alikiweka kidude juu ya meza. Akachukua mkasi mzito wa kukatia makoti, akaushika kwa upande wa vipini kama nyundo. Aliwafikiria watu ambao bunduki zile zingewakuta vituo vya kupigia kura. Akamfikiria dada, aliyeacha shule darasa la sita ili yeye asome, aliyemshonea sare yake ya kwanza kutoka kwenye gauni la mama. Mkasi ukabaki juu. Saa ya ukutani ilitembeza mshale dakika nzima na mkasi haujashuka, na haujawekwa chini pia.

Mama Pasi akakichukua kidude mezani, bila haraka, kama anayeondoa sindano asije mtoto akaikanyaga.

"Mimi na dada yako hatujasemezana tangu mwezi wa tatu," alisema. "Alisema mbele ya mteja kwamba suruali nilizopiga zina makunyanzi kama uso wa babu yake. Hajaniomba radhi mpaka leo. Akifa saa sita, nani ataniomba radhi?"

Sindano aliweka mkasi chini.

"Mkuu," alisema, "kiwanda cha zamani cha viatu. Ninaingia na kidude. Lete watu."

"Hiyo siyo amri niliyokupa."

"Najua."

Akakizima kisikizi cha sikioni. Kifungo alikiacha wazi.

Saa tano na dakika thelathini na tano walishuka kwenye Hilux, Sindano na furushi la sare kichwani kama msaidizi, Mama Pasi na pasi yake. Uani lilisimama lori la Scania, dereva ameegemea mlango anatazama saa. Mlinzi waliyemkuta langoni alikuwa na shingo pana kuliko kichwa. Alilipekua furushi, akampapasa Sindano, asipate kitu, maana Glock ilibaki garini. Akaigusa pasi, akauondoa mkono upesi akipuliza vidole.

Akauliza moto wa nini. Mama Pasi akamwambia ana mashati arobaini yanamsubiri, mkaa umeshawaka, na mkaa hauzimwi kwa sababu ya mambo ya wanaume. Shingo akacheka. Akawapitisha, akawafuata ndani.

Ndani kulinuka gundi ya zamani. Dada alikuwa amefungwa kwenye kiti, jicho moja limevimba likafumba. Alimwona Mama Pasi, akamwona mdogo wake, na uso wake haukusema lolote.

Mhandisi alikuwa mbele ya kompyuta ya ThinkPad, shati jeupe, mikono imekunjwa vizuri. Aliwakaribisha kwa adabu. Alikichukua kidude, akakichomeka kando ya viwili vingine, akasema sasa anaomba namba.

Dada akaitaja.

Siyo. Kidude kilimulika, kikasubiri.

Shingo alimzaba kofi. Dada akataja nyingine.

Siyo.

Mhandisi alivuta pumzi. Alieleza taratibu, kama mwalimu, kwamba kosa la tatu linafuta kila kitu, na kwamba yeye si mtu wa kubahatisha. Akawatazama wanawake wale mmoja mmoja. Akamtazama Sindano mara ya pili, mdomoni.

"Mna pengo moja," alisema. "Wewe na huyu. Mama mmoja, nadhani."

Aliinua kidole. Shingo akaiweka bastola kwenye paji la Sindano. Chuma kilikuwa baridi.

"Namba ya kweli, mama. Au mdogo wako."

Saa ilikuwa sita kasoro dakika sita. Huko nje dereva wa Scania alipiga honi mara moja.

"Dada," Sindano alisema, "usimpe."

Na dada akalia. Mwanamke ambaye hakulia kwenye msiba wa mama yao, akasimamia kaburi macho makavu, sasa alilia kwa kwikwi mpaka kamasi. Alisema hawezi. Alisema huyu kamlea mwenyewe, hela zitatafutwa, mtu hatafutwi. Akaitaja namba, tarakimu sita, moja moja.

Ilikuwa tarehe aliyokufa mama. Sindano aliijua namba ile. Dada aliitumia kufungulia simu, kabati, kila kitu. Bunduki mia nne, alijisemea, kwa ajili yangu. Alitamani Shingo afyatue upesi, kabla Mhandisi hajamaliza kuandika.

Mhandisi akamaliza.

Kidude kikamulika, kikazima, kikawaka tena na maandishi ya kukaribisha mtumiaji mpya, kama kimetoka dukani.

Mhandisi alikodoa macho. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena.

"Namba ya kweli ni ya simu ya fundi wa mabomba," dada alisema, na machozi yalikuwa yameshakatika. "Tuliichagua kwa sababu hakuna anayempenda."

Shingo aligeuka kumtazama. Sekunde moja tu.

Mama Pasi alimwekea pasi kwenye kifundo cha mkono, akaikandamiza kama anayenyoosha ukosi mgumu.

Sitaeleza harufu. Bastola ilianguka. Sindano aliiokota kabla haijatulia sakafuni, akampiga Shingo kitako cha bastola sikioni, Shingo akalala. Mhandisi alikimbilia mlango wa nyuma na vidude viwili mkononi. Risasi moja ikavunja kioo cha mlango mbele ya pua yake. Akasimama mwenyewe, akaweka mikono kichwani, bado kwa adabu.

Nje, dereva alikuwa ametazama simu yake, hakuona malipo, akaigeuza Scania. Langoni alikutana na Land Cruiser tatu zimeziba njia. Mkuu alikuwa amesikia kila neno kupitia kifungo cha tatu.

Saa sita kasoro dakika mbili.

Jioni jua likiwa bado juu, mafundi walijaa karakanani. Mtaalamu wa Mkuu aliwaeleza mara tatu. Hela haijaibiwa. Hela ipo. Kila mmoja alifungua simu yake, na kweli, ile tarakimu ilikuwepo palepale, haikupungua hata senti. Ila kidude kimejifuta na karatasi yake ni majivu, kwa hiyo haitatoka tena, si kwao, si kwa Mhandisi, si kwa serikali.

Mama mmoja aliuliza kama wanaweza kwenda kuonana na meneja.

Mtaalamu alisema hakuna meneja.

"Basi na mwenyewe ni nani?" aliuliza tena, na mtaalamu akainamia viatu vyake. Wengine walilia. Wengine waliendelea kuitazama ile tarakimu, wanaigusa kwa kidole, na mimi ninayesimulia haya nina hasira mpaka leo, maana upole wa Mhandisi ulikuwa wa siku chache, na kufuli ile ni ya milele.

Dada alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pasi. Akaomba radhi kwa lile la suruali, mbele ya watu, na jicho lake limevimba. Mama Pasi alisema amesikia. Kisha wakakumbatiana kwa muda mrefu, na humo ndimo Mama Pasi alimomnong'oneza habari ya mkasi.

Sanduku la chuma lilitolewa stoo, tupu, likafutwa vumbi. Kufuli tatu zikapakwa mafuta. Wanawake wakapita mmoja mmoja, kila mtu na alichokuwa nacho, na zilikuwa sarafu tu, zikilia zilipodondoka sandukuni.

Dada alimwita mdogo wake kando.

"Uliambiwa ukivunje, uniache?"

"Ndiyo."

"Ulitaka kukivunja?"

Sindano angeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi yake.

"Dakika moja," alisema.

Dada alitikisa kichwa polepole.

"Na wewe," Sindano alisema, "ulitaja namba ya uongo, bastola ikiwa hapa kwangu." Aligusa paji la uso.

"Ndiyo."

Walitazamana. Hakuna aliyesema pole.

Mama Pasi sasa alikuwa anasemezana na mweka hazina, kwa hiyo kwa kanuni hakufaa tena. Dada alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo wa shaba, akauweka kwenye kiganja cha mdogo wake, akakifumba kiganja kwa mikono yake miwili.

"Tumekuandikisha chamani," alisema. "Jumapili usije."

Sindano akautia ufunguo kwenye mfuko wa ndani wa koti, akavaa miwani yake ya jua, akatoka katikati ya cherehani bila kuaga mtu.

Kifungo cha tatu kilitetemeka. Hakukijibu.